Foto Kumi na Nne Mbele ya Wimbo

Siku ya kwanza, tarehe 6 mwezi wa tatu

Mambo makubwa. Naandika ili wajukuu wangu wasidanganywe na watu wengine.

Jana baada ya misa prezida wa kwaya yetu, Papa Adalbert, alisoma barua ya Kinshasa. Tamasha la kwaya za inchi yote! Kutoka Kivu ya Kusini watachukua kwaya moja tu. Masera mumoja, mutawa anayesimamia mambo hayo, atafungua tovuti ya kila kwaya siku ya tano, tarehe 10, saa nne asubuhi, kwa simu yake mwenyewe, asikilize wimbo. Tovuti isiyofunguka, anapita. Barua ilisema hivyo hivyo: anapita.

Kanisa nzima ikanigeukia. Sababu tovuti ni mimi. Mimi Constantin Mushagalusa, Mukurugenzi wa Ufundi wa kwaya. Cheo nilijipa, lakini hakuna aliyekataa. Tovuti niliijenga mwaka jana kwa mikono hii. Masomo niliyaachia njiani, ni kweli, lakini Kamituga nilifanya informatika miaka mitatu. Nilikuwa nachaji simu za wachimbaji kwa sahani ya jua. Yote ni umeme.

Na tovuti yangu inajua adabu. Inafuata protokoli kama sherehe yoyote ya watu wenye akili. Inaanza na foto ya padri. Halafu prezida, makamu wake, mama mulezi, baba mulezi, washauri, katibu, wote kwa cheo chao. Nyuso kumi na nne. Ya kumi na nne ni mimi. Wakubwa wakiisha kusalimiwa, ndipo chini kabisa unakuta wimbo. Anayeuimba ni bibi yangu wa ndoa, Sophie, peke yake, kwaya inamjibu nyuma.

Hapo katibu akasimama. Papa Modeste. Zamani alikuwa mwalimu wa michezo, alipima watoto mbio. Sasa hana watoto, anapima wakubwa wenzake. Akatoa kronometa yake mbele ya altare, akafungua tovuti kwa simu ya makamu. Dakika mbili na sekunde kumi. Sophie hana kronometa, alihesabu kwa njia yake: Salamu Maria kumi. Fungu nzima la rozari!

Nikacheka. Nikatoa simu yangu, nikabonyeza. Paa! Nyuso zote kumi na nne mara moja. Nikazunguka benchi kwa benchi kuwaonyesha watu.

Modeste akasema polepole: "Basi tumupe Masera ile simu yako, papa. Itapanda ndege mbele yetu."

Wivu tupu.

Nyumbani Sophie alivuta valizi ya safari chini ya kitanda. Aliinunua miaka kumi na mbili iliyopita, kwaya ilipotaka kwenda Kisangani ikashindwa. Hajapanda ndege hata mara moja. Tangu siku ile valizi inalala na blanketi ndani. Leo ameondoa blanketi. Hicho ndicho kilichonitisha.

Siku ya pili, tarehe 7

Nimepata!

Mwaka ule kule Kamituga mvua ilikula barabara. Kulikuwa na mashine ya kusaga mawe, kilo mia tisa, gari lake limezama mpaka kwenye milango. Wazungu wawili walikuwa wanalia. Nani aliivusha? Ni mimi. Niliifungua vipande kumi na sita, kila kipande juu ya pikipiki yake, na ilifika ingali na joto la kiwandani. Pikipiki ya kumi na tatu haijafika mpaka leo, lakini hiyo ni habari ya dereva.

Sasa, mtandao ni nini? Ni njia. Njia mbaya haipitishi muzigo mukubwa. Basi nikakata kila foto vipande kumi na sita. Foto kumi na nne mara vipande kumi na sita, jumla yake Modeste ataitafuta, ana nafasi. Nilikaa mbele ya kompyuta tangu asubuhi, mugongo unalia. Lakini vipande vyenyewe! Vyepesi kama maganda ya karanga.

Saa kumi nikafungua. Sophie alikataa simu yangu, akaleta yake. Vikaanza kufika kimoja kimoja. Pua ya padri. Kravati isiyo na mutu. Sikio la baba mulezi lilikosa njia, likatua kwenye shavu la mama mulezi. Kumbe kila kipande kinabisha mulango peke yake, kinaulizwa unatoka wapi, kinangojea zamu yake. Vizuizi mia mbili badala ya kumi na vinne. Salamu Maria kumi na tano, na vingine vilikuwa bado vinakuja.

Prezida akapiga simu. Hakukasirika. Aliuliza kwa upole kinywa chake kiko wapi. Nikamwambia kiko njiani. Sophie akasema ni mara ya kwanza prezida amekaa mbele ya watu bila hotuba.

Nimeshona foto zote upya. Zote, isipokuwa sikio moja. Halionekani sana.

Siku ya tatu, tarehe 8

Siku ya wamama. Sophie amevaa kitenge kipya na kwenda kuandamana na wenzake. Leo wao hawapiki, tunapika sisi. Nimekula ndizi mbili mbichi kidogo.

Tumbo likiwa na nafasi, akili inapanuka. Nilijiuliza hivi: bibi harusi anachelewa masaa matatu, watu mia tatu wako ndani ya sale ya karamu, mbona hakuna anayelalamika? Kwa sababu wana samaki wadogo wa ziwa, sambaza za kukaanga, mukononi na soda mbele yao! Basi tovuti yangu haichelewi. Ni mugeni tu hajapewa kitu cha kushika.

Nikavaa koti la ubatizo wa mutoto wetu wa mwisho. Nikasimama, ziwa nyuma yangu, nikajichukua video. Nikasema: karibuni, tovuti inakuja, vumilieni. Nikaona ni fupi, nikaongeza habari ya mashine ya Kamituga. Dakika nane. Mbuzi wa jirani alipita nyuma mara mbili, akaleta uhai. Nikaiweka juu kabisa, mbele ya padri.

Modeste alikuja nyumbani kwa makusudi, kronometa shingoni kama musalaba. Tukaketi. Tukafungua. Sanduku jeusi, duara inazunguka.

Akauliza hii ni nini. Nikamwambia ni video ya kuwapumzisha wanaongojea.

Akauliza sasa sisi tunangojea nini. Nikamwambia, video.

Akaandika kitu kwenye kikaratasi. Sikupenda ile furaha yake ya kuandika. Tukangojea. Kwenye dakika ya sita betri ya kronometa ikakufa. Tovuti yangu ilikuwa bado hai. Huo ni ushindi, hata kama yeye hataki kuuandika.

Jioni Sophie alirudi na miguu imevimba. Akauliza inafunguka? Nikasema karibu. Akaketi kitandani, pembeni ya valizi.

"Constantin," akasema, "miaka makumi mbili na mbili ninaimba mu ile kanisa. Batu ni balebale. Banajua hata fasi ninavuta pumuzi. Siku moja tu, niimbie batu basionijua."

Nikamwambia kesho nitaongea na fundi mukubwa. Nilimaanisha mimi.

Siku ya ine, tarehe 9

Sophie hakungoja fundi mukubwa. Alinishika mukono mpaka mutaa wa Nyawera, kwa Maman Chadia, mwenye duka la fotokopi na intaneti. Ni mama wa Kiislamu, jamaa yao ni wafanyabiashara wa Uvira tangu babu zao. Adabu nyingi. Ulimi pia.

Alitazama tovuti yangu. Akaomba chai. Akatazama tena.

"Papa Constantin," akasema, "weye umesimamisha wageni kumi na wane mulangoni, kila mumoja na kabati kichwani. Sasa bibi harusi apitie wapi?"

Akanionyesha uzito wa kila foto. Padri, mega tatu. Prezida, mega ine. Mimi, mega kumi na tisa! Nilijisikia vizuri mpaka nilipoona uso wa Sophie. Ni kweli foto yangu nilipigwa kwenye harusi, na mupiga foto mwenye kamera kubwa kama tumbo la debe. Maman Chadia alisema foto hiyo inaweza kufunika lori ubavuni, na mimi nimeibana ndani ya dirisha la kidole gumba. Mutu anaona kidole gumba, lakini njiani linapita lori.

Na simu yangu? Akasema simu yangu ilikwisha kuzihifadhi foto hizo tangu mwaka jana, haiendi tena kuzitafuta. Haina mbio, ina kumbukumbu. Nikasema hilo nilikuwa nalijua.

Dawa yake ni nyepesi. Foto zote zipunguzwe mpaka kumi na nne pamoja zisifike mega moja. Video ya mbuzi itoke (aliiita hivyo). Wimbo upande juu. Nyuso zishuke chini, na kila uso usije mpaka kidole cha mugeni kiteremke kuutafuta.

Nyuso chini? Na protokoli? Tukampigia prezida. Alikataa kabisa. Yeye hawezi kutembea nyuma ya wimbo kama mupiga ngoma. Afadhali kwaya ibaki nyumbani na heshima yake.

Sophie akafumba macho. Maman Chadia akakoroga chai iliyokwisha. Mimi mwenyewe sikuwa na wazo lolote, nakiri kwa daftari hili peke yake. Kinywa kilifunguka chenyewe.

"Prezida, ni karamu gani uliona mukubwa anafika wa kwanza? Anayefika wa kwanza ni ule wa kupanga viti."

Halafu prezida akakohoa, akauliza kama mahali pa chini kabisa pamechukuliwa. Nikamwambia nitamtafutia, nafasi ni chache.

Habari ikakimbia. Kabla ya saa moja kupita simu yangu ilikuwa ya moto. Makamu anataka kukaa chini ya prezida. Mama mulezi anasema yeye siku zote anafika baada ya makamu, watu ni mashahidi. Baba mulezi anasema mutu hawezi kufika baada yake kwa sababu mara nyingi yeye hafiki. Hata Modeste! Aliyepigania mwaka jana awe juu ya washauri, sasa anaandika ujumbe wenye nukta na mikato, anaomba kiti cha chini kwa heshima ya miaka ya utumishi. Padri peke yake alisema muniweke popote. Tukamuweka popote.

Kabla ya sala ya alasiri Maman Chadia alikuwa amemaliza. Sophie akafungua kwa simu yake, mukono mwingine kwenye paji la uso, tayari kuhesabu. Kwa jina la Baba, na la Mwana, na... Hakufika kwa Roho. Sauti yake mwenyewe ikatoka ndani ya simu na kujaza duka. Akaziba mudomo. Maman Chadia akaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

Nimeokoa kwaya. Huyu mama alisaidia upande wa mashine.

Siku ya tano, tarehe 10

Naandika jioni.

Saa mbili asubuhi nilifungua tovuti, kuisalimia tu. Nikaona jambo. Wakubwa wote wamebanana chini kama sambaza kwenye sahani. Juu, mbele ya wimbo: hakuna mutu! Patupu! Kiti cha kwanza cha kwaya kimeachwa wazi kwa sababu kila mutu anakimbilia cha mwisho. Nikajiuliza, Modeste akikiona? Mahali pazuri hapaachwi hivyo inchini kwetu.

Nikajiweka mimi. Na kwa kuwa Maman Chadia alikuwa amenipunguza mpaka masharubu yangu yakafanana na nukta, nikarudisha foto yenyewe, ile ya mega kumi na tisa. Masera ana haki ya kuona anakaribishwa na nani. Nikapima kwa simu yangu. Paa! Nikaenda kunywa chai.

Saa nne kasoro tulikuwa wote kwa Maman Chadia. Sophie amevaa viatu vipya, anavizoeza kwa safari. Nyumbani valizi iko wazi kitandani. Modeste ametia betri mupya. Prezida akasema tufungue na sisi, tuone kile Masera atakachoona.

Ukurasa mweupe tupu.

Kisha juu, polepole, kitu cha kahawia kikaanza kushuka, ufito kwa ufito, kama pazia. Kwenye Salamu Maria ya tano kilikuwa na nyusi.

Prezida akauliza huyo ni nani. Nyusi zikamjibu, kwa sababu hata zangu zilikuwa zimeinuka.

Saa ya ukutani ikafika saa nne. Ikapita. Mimi kwenye tovuti nilikuwa bado sina pua.

Sophie hakupiga kelele. Aliketi kwenye kiti cha wateja, akavua viatu, akavifuta soli kwa kiganja, akavirudisha ndani ya karatasi yao. Basi. Ningependa anitukane. Miaka makumi mbili na tisa ya ndoa, sijawahi kuona mutu anafunga karatasi polepole namna ile.

Modeste ndiye aliyesema. Alitazama kronometa, akatazama ukuta, akatazama barua.

"Saa ine ya nani?" akauliza.

Barua ni ya Kinshasa. Kinshasa iko nyuma yetu saa moja. Kule ni saa tatu, Masera pengine bado anakunywa chai! Prezida akamkumbatia Modeste mpaka kronometa ikalia. Mimi pia nilikuwa karibu kulisema hilo. Nilikuwa namwachia nafasi.

Maman Chadia akavuta kiti, akaninyoshea mukono bila kunitazama. Nikampa neno la siri.

"Si weye ulisema mukubwa anafika wa mwisho?" akasema. "Basi shuka, papa."

Kwa kidole kimoja akaniteremsha. Chini ya wimbo, chini ya washauri, chini ya Modeste, chini ya mama mulezi, chini ya prezida, mpaka sakafuni. Nikaomba aniachie mega zangu. Akasema kule chini nibaki nazo, sitamzuia mutu. Akabadilisha hata neno la siri. Kwa usalama, alisema.

Akafungua tena kwa simu ya Sophie. Ishara ya musalaba, hata haikuisha.

Saa tano yetu, ikawa saa nne yao. Maman Chadia alikuwa na mahali kwenye mashine yake panapoonyesha wageni wa tovuti. Dakika moja, hakuna. Dakika tatu, hakuna. Modeste alitaka kupima, prezida akamfunika kronometa kwa kofia. Halafu: mugeni mumoja, Kinshasa.

Alikaa dakika tisa. Wimbo ni wa dakika tatu. Sophie alihesabu kwa vidole, akahesabu upya, akamuuliza Maman Chadia kwa sauti ndogo: "Ni mara tatu, ama ni miye ninajidanganya?"

Maman Chadia akasema ni mara tatu.

Sophie akavaa viatu vyake.

Siku ya Mungu, tarehe 12

Tumechukuliwa!

Prezida alisoma jibu baada ya misa. Masera anasema tovuti yetu ilifunguka kabla hajavaa miwani, na ile sauti ya mama ameisikiliza mara tatu, mara ya tatu alimwita na mupishi aje asikie. Wamama wakapiga vigelegele mpaka padri akaingia tena kuona nini. Sophie alikuwa anatazama sakafu na kucheka peke yake, kama musichana.

Mwisho wa barua Masera ameuliza jambo dogo. Chini kabisa, baada ya foto ya prezida, kuna sanduku la kijivu linalozunguka bila kufunguka. Alingoja, akachoka. Ni nini?

Kanisa nzima ikanigeukia. Nikainua mukono kwa heshima.

Kisha Modeste akasoma majina ya wasafiri. Wa kwanza, Sophie. Wa pili, yeye mwenyewe, ndiye atapima muda wa kila kitu. Akaendelea. Soprano, alto, teno, besi, prezida. Akakunja karatasi. Jina langu? Nikasimama kuuliza.

Prezida akakohoa. Akasema habari yangu komiti imeifikiri sana, kwa upande wa protokoli. Mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha kwamba mukubwa anafika wa mwisho. Basi wameona Mukurugenzi wa Ufundi asichanganywe na watu kwenye ndege ya kwanza. Atapanda ya mwisho kabisa.

Nikauliza tarehe yake. Akasema ndege kama ile haipangwi, inajiita yenyewe saa yake ikifika. Watu wakapiga makofi mengi. Wengine walikuwa wanafuta machozi.

Ya mwisho kabisa! Nyuma ya prezida mwenyewe! Na Modeste, masikini, amebanwa kwenye ndege ya kwanza pamoja na ngoma na mabegi, kama ule wa kupanga viti. Nilimhurumia mpaka nikamwazima kravati yangu ya bluu. Aliipokea bila kuelewa.

Nyumbani Sophie anajaza valizi na kuimba. Blanketi zote ziko upande wangu wa kitanda. Amenipikia kuku, paja mbili zote kwangu, na kila akinitazama anageuka upande wa sufuria, mabega yanamtikisika. Ni furaha ya mwanamuke aliyeolewa na mukubwa.

Kazi haijaisha. Masera ameliona sanduku langu, sasa anataka kuona ndani. Kesho naenda kupigwa foto mupya, na kwa ukubwa wa cheo nitamuomba yule mupiga foto alete kamera yake kubwa zaidi. Nasikia inatoa mega arobaini. Nikiisha, nitamubembeleza Maman Chadia anipe neno la siri. Modeste asianze na maneno yake. Nitaipima kwanza kwa simu yangu.